Jibu: Mama ametumwa kwa mfamasia wa kliniki badala ya daktari

Habari ndugu. Unauliza kama mama, mwenye dawa tisa na kizunguzungu, amepuuzwa kwa kupelekwa kwa mfamasia. Hapana. Nafanya kazi hiyo hiyo kwenye kliniki ya daktari wa familia, na wagonjwa wa aina yake ndio wengi wangu.

Kabla ya miadi, tia dawa zote kwenye mfuko mmoja: za hospitali, za kununua mwenyewe, za mitishamba, hata zile alizoacha kimyakimya. (Hizo za mwisho ndizo hunifundisha mengi.) Orodha ya kwenye kompyuta na mfuko havilingani mara nyingi.

Kitu cha kwanza, omba apimwe presha akiwa ameketi au amelala, kisha tena ndani ya dakika tatu baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, dawa za presha ni washukiwa wakubwa. Pia muulize mama kama anatumia ibuprofeni au diklofenaki, dawa za maumivu. Zikitumiwa pamoja na enalaprili (dawa ya presha) na dawa ya kukojosha, figo zinaweza kuumia. Nimewahi kukuta miguu iliyovimbishwa na amlodipini, dawa ya presha, ikitibiwa kwa furosemidi, dawa ya kukojosha: dawa inafukuza madhara ya dawa!

Asiache chochote mwenyewe. Mimi sijaona orodha yake, kwa hiyo sikisii zaidi. Akizimia, akipata maumivu ya kifua au udhaifu wa upande mmoja, asisubiri miadi, mpelekeni dharura.