Kwa Mwandishi Mwenzangu Unayetumwatumwa

Nyumbani kwetu Kimara, mimi ndiye wa kutumwa. Sababu wanayo: "Si uko nyumbani tu?" Ukikaa mezani kuandika riwaya, kwa shangazi hiyo si kazi, unabonyezabonyeza kompyuta. Nilibishana naye miaka, nikaacha. Kama na wewe yako ni hayo, usigombee mchana. Mchana ni wa ukoo. Gombea alfajiri.

Mimi naamka saa kumi na moja, naandika mpaka mtu wa kwanza aulize nani anakwenda Kariakoo. Maneno 300 yakitoka, nashukuru. Simu naiacha chumba kingine, maana ndani ya simu hiyo kuna watu wamekesha wakibishana kama filamu imekitendea haki kitabu, na najijua: nikimjibu mmoja tu, jua litanikuta papo hapo. Ubishi huo naupenda, sikatai. Nimeuhamishia jioni, wakati nachambua mchele.

Safari za kutumwa nazo usizilaani zote. Wiki iliyopita nilikuwa nimesimama kwenye basi la mwendokasi, nimeagizwa doti nane za vitenge vya sare, rangi ya zambarau. Mbele yangu wanafunzi wawili wanazozana kuhusu Vuta N'kuvute. Mmoja kasoma riwaya ya Shafi Adam Shafi, mwenzake kaona filamu ya Amil Shivji tu. Riwaya ilitoka 1999, filamu 2021. Miaka 22 kila msomaji alikaa na Denge wake, yule mhusika wa riwaya, kichwani, hakuna wa kumpinga. Sasa kaletewa Denge mwenye sura na sauti.

"Huyo siye Denge!" yule msomaji karibu alie.

"Wako umemtoa wapi?"

Kimya. Kisha: "Namjua tu."

Nilicheka mpaka mama mmoja aliyebeba ndoo akanigeukia. Lakini angalia alichokasirikia binti yule. Filamu ya kama saa moja na nusu haiwezi kubeba riwaya nzima, na yaliyoachwa aliyasamehe. Sura ndiyo hakuisamehe, kwa sababu ile sura aliitengeneza mwenyewe. Mimi kwenye mswada wangu nilikuwa na ukurasa mzima wa pua, nyusi na kovu la mhusika mkuu. Alfajiri iliyofuata niliufuta. Nikabakiza mstari mmoja tu, wa namna anavyovua viatu mlangoni.

Kwa hiyo ukisikia mashabiki wanagombana, tega sikio. Wanaosifu hawatakuambia kitu. Anayelia ndiye anayekuonyesha alishika nini kwenye hadithi. Daftari usilitoe kwenye msongamano ule, litaishia miguuni mwa watu. Mimi najirekodi kwenye simu kwa sauti ya chini. Abiria hudhani nabembeleza mtu, na sijawahi kumsahihisha yeyote.

Tatizo ni kwamba kichwa kikishakuwa kwa Denge, vitenge havina mwenyewe. Dukani, chini ya ile taa, ningeapa ni zambarau. Nyumbani vilikuwa bluu iliyokolea. Shangazi alikunjua doti moja, akaisogeza dirishani, akaikunja polepole.

"Kesho utawahi kuondoka."

"Shangazi, niachie mpaka saa moja tu."

Akanitazama, akaitazama kompyuta. "Saa moja kasorobo."