Ohio State 2024: bingwa aliyepoteza mechi mbili

Kaka, umeuliza Ohio State walichukuaje ubingwa wa vyuo Marekani wa futiboli ya Kimarekani (ile ya kubeba mpira mkononi) ilhali walishapoteza mara mbili. Ni mtoano mpya: msimu ule ulipanuliwa kutoka timu 4 hadi 12. Zamani wangeishia pale pale Michigan, watani wao wa jadi, walipowapiga 13-10 nyumbani kwao Columbus.

Walipopata upenyo, wakawasha moto. Tennessee 42-17. Oregon, waliowafunga kwa pointi moja Oktoba, wakalala 41-21. Ila tafuta nusu fainali na Texas uione kwa macho yako! Texas wako nyuma 21-14, wamebakiza yadi 8 tu kufika mstari wa kufungia. Jack Sawyer, mlinzi wa Ohio State, anamvamia mrusha mpira wa Texas, Quinn Ewers, waliyewahi kukaa chumba kimoja chuoni, anamng'oa mpira mkononi, anauokota na kukimbia nao yadi 83 hadi ng'ambo. 28-14.

Fainali, Januari 20, 2025 mjini Atlanta, Notre Dame wakafa 34-23. Mimi nilifurahi zaidi kwa ajili ya kocha wa Ohio State, Ryan Day, maana baada ya Michigan mashabiki wengi walitaka afukuzwe.