Mpira wa rejeta: usitaje jina la gari, peleka waya

Juzi nimepata ujumbe wa kijana mmoja wa Makunduchi. Ana Land Rover ya zamani, kaitia mashine ya Toyota 3L. Gari inawaka vizuri na inavuta, ila mpira wa chini wa rejeta hajaupata, na kila duka la spea analoingia anaulizwa, "Gari gani?" Swali hilo nalijua vizuri. Na mimi lilinikera.

Nna lori la Kiingereza, Bedford J, gari ya marehemu baba. Hapa Pemba imebeba karafuu, imebeba mbao, na miaka mingi ilikuwa chai maharage ya kupeleka watu Konde. Mashine ya asili ilipokwisha, nikaitia Isuzu 4BD1, silinda nne, lita 3.9. Habari ya kukata chesi na kutengeneza maunting, yaani vikalio vya mashine, sitaieleza hapa, hayo fundi mzuri wa kulehemu anayamaliza. Kilichonitesa mimi ni mipira miwili ya maji, wa juu na wa chini, inayounganisha rejeta na mashine.

Tatizo lenyewe ni hili. Rejeta ni ya Muingereza, shingo zake zimepimwa kwa inchi. Yangu ni inchi moja na nusu, yaani milimita 38. Mashine ni ya Mjapani, kila kitu milimita, na matundu yake ya maji yamekaa pengine kabisa. Ukiomba mpira wa 4BD1 utapewa unaofika kwenye rejeta ya Isuzu. Ukiomba wa Bedford, malori hayo General Motors waliacha kuyatengeneza 1986, na hata ukiupata hautafika kwenye mashine yako. Mpira unaoutaka hakuna kiwanda kilichowahi kuutengeneza.

Hayo niliyasema kwa utaratibu katika duka moja la spea mjini Unguja. Muuzaji hakuinua hata uso. Aliposikia Bedford akawageukia wenzake wakacheka, akaniambia, "Mzee, hiyo si ya mpira, hiyo ya chuma chakavu." Nikatoka bila kumjibu. Mpaka leo neno lile linaniuma, kwa sababu gari hiyo ndiyo iliyotusomesha mimi na ndugu zangu wote.

Nikarudi Pemba. Fundi mmoja akaniambia yeye anaweza: akachukua mpira ulionyooka, akaukunja kwa nguvu, akaufunga klipu. Nilimwambia utajikunja, akasema hautajikunja. Siku ya kwanza tu, tumepakia saruji bandarini Mkoani, tunapanda ule mlima wa kutokea mjini, sindano ya joto ikapanda pamoja na sisi. Nikasimamisha. Mpira ulikuwa umebanana palepale penye kona, bapa kama mkanda wa suruali, na maji hayapiti.

Ndipo nikafanya jambo ambalo leo kila mtu ananiuliza. Nilichukua waya wa kufungia nondo, nikasokota nyuzi kadhaa pamoja ili ukikunjwa ubaki ulivyokunjwa. Nikaingia chini ya gari, nikaukunja kutoka shingo ya rejeta mpaka shingo ya mashine, nikiupitisha mbali na feni na mkanda wake. Kila kona ya waya ule ndiyo kona ya mpira. Nikafanya waya wa mpira wa juu na wa mpira wa chini, nikaziandika, nikapanda boti nazo mpaka Dar es Salaam, nikaenda Gerezani, Kariakoo.

Huko nilimkuta mzee mmoja, mipira imening'inia darini kwake mingi kuliko nywele. Nikampa waya. Hakuniuliza gari gani! Aliunyanyua, akaupita mpira mmoja mmoja akilinganisha, mpaka akashusha mmoja mrefu wa lori kubwa, wenye kona nyingi. Akaulaza waya juu yake, akausogeza mbele, akaurudisha nyuma, kisha akatia alama ya chaki sehemu mbili. "Hapa na hapa," akasema. Akakata kwa kisu kilicholowa maji ya sabuni. Kipande cha katikati ndicho kilichokuwa mpira wangu wa chini, na mpaka sasa kimo kwenye gari.

Kwa hiyo ndugu zangu, dukani usiende na jina la gari. Gari uliyoibadilisha mashine haina jina tena, ina umbo na vipimo. Nenda na waya, na nenda na kipenyo cha kila shingo. Huna venia, kile chombo cha kupimia kipenyo? Zungusha ukanda wa karatasi kwenye shingo, upime urefu, ugawe kwa 3.14. Ukipata mzunguko wa milimita 120, shingo yako ni 38.

Mpira wa chini ndio unaovutwa na pampu ya maji. Ukiwa laini utanyonywa ufunge, basi utafute wenye springi ndani. Wa juu kwangu haukupatikana mzima, nikaunga kona mbili kwa bomba la chuma, na kila mwisho wa bomba fundi akazungushia ukingo wa kulehemu ili mpira usichomoke. Bomba lisiwe refu mpaka likakaza, mashine inatikisika kwenye maunting. Klipu ikae nyuma ya ukingo, isikae juu yake. Mashine ikishapata moto mara ya kwanza, subiri ipoe kabisa, kisha kaza klipu tena.

Na vijana, acheni kufunga mipira ya maji ya bustani, acheni kufunga vipande vya tyubu! Mfuniko mzima wa rejeta, wa presha ya 0.9 bar, unafanya maji yasichemke mpaka karibu nyuzi 118. Mpira wa bustani hauwezi joto hilo wala presha hiyo. Utapasuka njiani na abiria wako ndani, silinda hedi itapinda, na hapo ndipo utakapoambiwa gari ni chuma chakavu. Kuwa na gari ya zamani ni kuibeba amana ya waliokutangulia, na amana haifungwi kwa tyubu.

La mwisho ni maji. Visiwa vyetu vina mawe ya chokaa mengi, na maji ya visima vingi yanaacha ukoko mweupe hata kwenye birika la chai. Ukoko huohuo unajijenga ndani ya rejeta na kwenye shingo. Tia kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta, na ukikosa uwezo, kinga maji ya mvua masika, uyahifadhi kwenye madumu yenye mfuniko. Mimi nna madumu yangu uani, na mtu haruhusiwi kuyagusa hata kwa kufulia.