Mwanangu, Mungu hajachoka na wewe

Mwanangu, nimesoma ile meseji ya saa nane usiku, unauliza kama Mungu anaweza kuchoka na mtu, juu tangu kazi iishe umeacha kanisa na ukijaribu kuomba unaona ni kama unaongea na ukuta. Hachoki, na sisemi hivo juu mi ni mamako.

Soma Warumi 8 kuanzia mstari wa 35, usirukie ule wa 38 watu hubandika sebuleni. Paulo anataja dhiki, njaa, uchi, upanga, na hayo alikuwa ameyaona, angalia 2 Wakorintho 11, alichapwa mapigo 39 mara tano, meli zikamvunjikia mara tatu, kulala njaa ndo usiseme. Kama shida ingekuwa ishara ya kukataliwa yeye ndo angelia wa kwanza, lakini anasema hakuna kitu kitatutenga na upendo wa Mungu. Kwa hivo huyo mhubiri wa kwa simu anayekwambia kazi iliisha juu hukupanda mbegu, yaani hukumtumia pesa ndio Mungu akubariki, na namba ya M-Pesa inapita hapo chini ya skrini, achana naye kabisa.

Petro naye alimkana Bwana mara tatu usiku mmoja. Lakini Luka 22:32, Yesu alikuwa ashamwambia "nimekuombea wewe ili imani yako isitindike", isiishe, yaani aliombewa kabla hata hajakosa.

Ile hunishika zaidi iko Waefeso 1:14, ati Roho Mtakatifu ndiye arabuni, ile deposit, ya urithi wetu. Si unajua vile ploti huuzwa huku Ruai, mnunuzi akiweka arabuni halafu aachie njiani hasara ni yake, muuzaji anabaki na pesa na shamba. Sasa hapa aliyeweka ni Mungu, na alilipa na Roho wake mwenyewe, unafikiri atakubali hiyo ipotee juu wewe mwezi huu hukuwa na nguvu ya kusali?

Najua utaniletea Waebrania 6, pale inaongea juu ya walioamini halafu wakaanguka. Shangazi yako Mmethodisti husema mtu anaweza kuanguka kabisa, sisi Wapresbiteri wa PCEA tumefundishwa Mungu huwashikilia walio wake hadi mwisho, na hayo mabishano ni ya kila Krismasi, hata mbuzi huwa anapoa tukibishana. Lakini hata yeye nikimsomea meseji yako atakwambia mtu aliyemkataa Mungu halii usiku akiuliza kama bado anapendwa. (Na usifanye hii ruhusa ya kuishi ovyo, Warumi 6 nayo iko, inakataa tuendelee na dhambi ati juu neema iko.)

Hiyo elfu mbili ulitaka kutuma ya mbegu lipa stima. Ukishindwa kuomba sema tu Baba Yetu, si lazima utunge yako. Jumapili njoo ibada ya Kiswahili, kama hutaki wale wa kukuuliza mambo ya kazi tukae nyuma karibu na mlango. Babako anauliza kama gesi bado iko.