Maswali na majibu: kerneli inapolalamika ukiandika kwenye flashi

Shikamoo fundi. Niko Mwanjelwa, nina bodi ndogo ya Linux, nikiandika faili kwenye UBIFS (mfumo wa mafaili wa flashi) dmesg (orodha ya meseji za kerneli) inamwaga WARNING ndefu ila mashine inaendelea tu. Nipotezee?

Marahaba mdogo wangu. Usipotezee kabisa. WARNING maana yake kerneli, yaani kiini cha Linux, imekuta kitu kisichotakiwa ikaamua kuendelea, haijafa, ila data yako hapo haina dhamana. Wengi mnanitumia picha ya mkia wa ile meseji, mkia hausaidii, panda mpaka juu penye "cut here" usome mistari miwili mitatu inayofuata. Yako inasema "rejecting DMA map of vmalloc memory", na faili lililotajwa ni la DMA (njia ya kifaa kufikia memori moja kwa moja bila kupitia prosesa), lisikuchanganye, mwenye kosa utamkuta kwenye Call Trace (orodha ya fanksheni zilizoitana), tafuta majina yenye spi, yaani njia inayounganisha chipu ya flashi na bodi.

Iko hivi, UBIFS inachukua bafa (memori ya kushikia data kwa muda) kwa vmalloc, yaani memori inaonekana imeungana kumbe kurasa zake zimetawanyika, na DMA inataka kipande kimoja kilichoshikana, sasa draiva ya SPI imeipeleka bafa hiyo kama ilivyo, kerneli ikakataa. Kupima: washa upya, usimaunti UBIFS, chukua patisheni ya majaribio isiyo na kitu cha maana uandike kwa flashcp (programu ya kuandika flashi), maana hiyo inapitia bafa ya kmalloc, ambayo kurasa zake zimeshikana. Ikipita kimya na UBIFS ikilalamika, usiibandue chipu, shida ni draiva. Weka kerneli mpya zaidi ya bodi yako, au kama unaweza kuigusa draiva, ikopi data kwenye bafa ya kmalloc kabla ya kutuma.

Na hili watu linawaponza sana: onyo hili linatoka mara moja tu tangu mashine iwake. Ukijaribu tena bila kuwasha upya utaona kimya udhani umepona.

Kamwene fundi! Nasoma chuo hapa Iringa. Nimeandika kwa dd (programu ya kukopi data ghafi) kwenye /dev/mtd0, yaani flashi yenyewe, hakuna kosa, nikisoma data ni vurugu.

Kamwene. Hukufuta kwanza. Flashi ya NOR (aina mojawapo ya flashi) ukiandika inageuza biti ya 1 kuwa 0 tu, kurudi 1 lazima ufute bloku nzima, kwa hiyo ukiandika F0 juu ya 0F ya zamani unapata 00. dd hapo haifuti chochote. Tumia flashcp, inafuta, inaandika na inahakiki yenyewe. Ukubwa wa bloku uangalie /proc/mtd kwenye erasesize, 00010000 ni KiB 64.

Mkuu, niko Njombe, kadi ya SD inatoa error -84, mara -110.

-84 data imeharibika njiani, -110 kadi imechelewa kujibu. Safisha miguu ya kadi, badilisha rida, jaribu chaja nyingine yenye nguvu, kwa mpangilio huo. Ikigoma, kopi vitu vyako pembeni, futa kadi, endesha f3write halafu f3read (programu za kupima kadi), na ikionyesha data iliyopotea irudishe dukani leo hii, usiirudishie picha zako.