Pong ya 1972 haina prosesa: nilichokuta nilipoifungua

Mkuu, umeuliza Pong, ule mchezo wa video unaofanana na tenisi ya meza, ilitumia prosesa gani (chipu inayofuata maagizo ya programu) na programu yake ilikaa wapi. Prosesa haikuwemo, programu pia haikuwemo. Kwenye mashine za michezo ya video za sarafu prosesa ilikuja 1975, na mchezo wa Gun Fight wa kampuni ya Midway, uliotumia prosesa ya Intel 8080.

Mimi fundi redio wa Tanga, sasa niko Ohio. Mwaka jana mteja aliniletea mashine ya Pong ambayo raketi ya kushoto, ule mstari wa kupigia mpira kwenye skrini, ilikuwa imepotea kabisa. Nyuma ya mlango nikakuta TV ya chogo, ile ya rangi nyeusi na nyeupe, boksi la sarafu, na bodi moja yenye chipu zisizopungua sitini, nyingi za familia ya 7400, chipu ndogo ambazo kila moja ina kazi yake. Hii inahesabu, ile inalinganisha. Al Alcorn, mhandisi wa Atari, kampuni iliyotengeneza Pong, aliziunganisha mpaka waya zenyewe zikawa mchezo.

Nilipoteza siku nzima nikitafuta kumbukumbu inayotunza mahali raketi ilipo. Haipo! TV huchora picha kutoka juu kwenda chini, mara 60 kwa sekunde. Kila picha inapoanza, chipu ya 555 nayo huanza kuhesabu muda, na muda ukiisha ndipo raketi inachorwa. Kitasa anachoshika mchezaji ni voliumu tu kama ya redio: ukirefusha muda raketi inashuka, ukiufupisha inapanda. Mahali ni kuchelewa. Naipenda sana akili ile.

Basi nikaacha kutafuta, nikapima. Mguu wa 2 wa 555 amri ilikuwa inaingia, mguu wa 3, unaotoa jibu, kimya. Nikabadilisha chipu, raketi ikarudi, ila ikawa inarukaruka. Voliumu ilijaa uchafu, nikaisafisha ikatulia. (Ukijaribu nyumbani, usiguse chogo hata baada ya kuchomoa plagi. Umeme hubaki ndani, na ni mkali.)

Lakini raketi zote mbili hazikufika juu kabisa ya skrini. Jioni nzima nikabadilisha kapasita, vile vipande vinavyotunza umeme, nikidhani nimekosea mahali. Kumbe ndivyo ilivyotoka kiwandani. Alcorn ameeleza kwamba sakiti ile rahisi haikuweza kuifikisha raketi juu, naye akaacha vilevile, maana bila pengo lile wachezaji wawili wazuri wangecheza bila kumaliza. Nikarudisha kapasita za zamani, nikamkabidhi mteja mashine yake na pengo lake.