Maswali yenu: Magofu ya abasia ya Fountains

Juma lililopita niligusia magofu ya Fountains, abasia (yaani monasteri inayoongozwa na abate) ya zamani kule Yorkshire, Uingereza. Maswali yamemiminika, haya manne nayajibu leo.

Nani aliianzisha?

Wamonaki 13 wa Kibenedikto, shirika lile lile la akina Ndanda na Peramiho. Mwaka 1132 waliihama monasteri yao mjini York kwa kuona maisha yamelegea mno. Askofu mkuu Thurstan akawapa ardhi kwenye bonde la mto Skell, pori tupu. Baadaye kidogo wakajiunga na shirika la Citeaux, lenye kanuni kali zaidi.

Watu waliokimbia raha, mbona walijenga jumba kubwa vile?

Kondoo, ndugu yangu. Walipokea mabruda wa kuchunga, kulima na kujenga, ili wamonaki wenyewe wapate nafasi ya sala. Mashamba yakaenea, sufu ikanunuliwa hata na wafanyabiashara wa Italia. Utajiri walioukimbia York ukawafuata hadi porini. Lile ghala lao, ambalo mabruda walilala juu yake, lina urefu wa zaidi ya mita 90! Kinachonichekesha zaidi ni mnara. Katika karne ya 12 shirika lilipiga marufuku minara ya kengele ya mawe. Mwanzoni mwa karne ya 16 abate Marmaduke Huby akasimamisha wa karibu mita 50. Bado umesimama.

Bibi yangu husema nyumba isiyokaliwa huanguka yenyewe. Ndivyo ilivyokuwa?

Shikamoo yake, lakini hii iliangushwa. Mfalme Henry VIII, akiwa ameshaachana na Papa, alizifunga monasteri na kutwaa mali zake. Zamu ya Fountains ilifika mwaka 1539. Abate wa mwisho alikabidhi, akapewa pensheni. Mwaka uliofuata Richard Gresham, mfanyabiashara wa London, akainunua. Paa lilikuwa la madini ya risasi, yenye bei nzuri, likabanduliwa. Jengo likishavuliwa paa, mvua haihitaji kuitwa.

Na mawe yaliyopungua?

Mengine hayakwenda mbali. Kati ya 1598 na 1604 Stephen Proctor alijenga jumba lake, Fountains Hall, hapo hapo jirani, kwa mawe ya abasia. Hayo angalau yalipata paa jipya.